Kinywa cha Tilapia

Kabla ya kuingia majini unatema mate ndani ya kioo cha miwani, unasugua kwa kidole, halafu unasuuza. Usipofanya hivyo kioo kinashika ukungu na huoni kitu. Mzungu aliyenifundisha alikuwa na dawa ya kopo kwa kazi hiyo, lakini dawa ilipoisha alitema mate kama sisi. Alikuwa mwalimu, mpenda samaki, na siku za Jumapili mimi nilikuwa mbeba mizigo yake, maana studio yangu ya picha pale Murara, mjini Goma, haikuwa na wateja wa kutosha. Vita vilipokaribia Sake, mji wa jirani, watu wa kwao walimwambia aondoke. Aliniachia miwani ya maji, tuba, yaani ule mrija wa kupumulia, na kamera ndogo isiyoingia maji. Alisema atarudi. Sisemi alidanganya. Labda alitaka kurudi kweli.

Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, kwa hiyo majina marefu ya samaki aliyokuwa anayataja yalinipita. Naandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ziwa lenyewe nililiogopa tangu utoto. Mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka, wengi hata barabara haikuonekana, watu walikunywa maji ya ziwa na kufa kwa kipindupindu pembeni yake, na mama yangu alitukataza hata kunawa miguu pale. Nilikua hivyo, mtoto wa Goma asiyejua kuogelea. Mara ya kwanza kuingiza uso wangu majini nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na nilimshika Mzungu mkono kama mtu anayevushwa barabara.

Chini ya maji, pembeni ya Kituku, soko letu la samaki, mawe ya volkano yanaingia ziwani kama vidole vyeusi. Yanakata. Kati ya vidole kuna mchanga mweusi, majani marefu yanayolala upande mmoja, na vitu vyetu: kandambili, chupa, mguu wa kiti cha plastiki ambao kaa mmoja alikuwa ameufanya mlango wa nyumba yake. Kuna samaki wadogo wenye mstari wa buluu wanaogombana mchana kutwa. Kuna sambaza wachanga, dagaa wa ziwa letu, wembamba kama sindano, mamia pamoja, wakigeuka wote wanawaka, wakigeuka tena hawaonekani. Husikii kitu isipokuwa pumzi yako mwenyewe ndani ya mrija, kama mtu mwingine amelala karibu nawe.

Kazi ya picha za chini si kukimbiza. Ukikimbiza unapata mikia tu. Unashika jiwe, unatulia, jua liwe nyuma yako, na uwe umeanza asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Samaki wakishakuchoka wanarudi kwenye shughuli zao, ndipo unabonyeza. Betri nilikuwa nachaji kwa jirani mwenye jenereta, pamoja na simu za mtaa mzima.

Siku moja mkubwa wa komite ya wavuvi alikuja studio. Watu wanamwona mkali, lakini ziwa lilimchukua ndugu yake, na tangu siku ile haachi mtumbwi utoke bila kuuangalia mwenyewe.

"Papa wa foto, unaingia pale chini," alisema. "Kuko nini?"

"Kuko samaki."

"Bakubwa?"

"Badogo."

"Njo hiyo. Nataka batu baone."

Aliniambia ninachokijua tayari. Wavuvi wanaotoka usiku na taa kutafuta sambaza walikuwa wanarudi na ndoo nusu. Na kambi za waliokimbia vita vya Masisi zilikuwa zimejaa upande wa magharibi wa mji, na akina mama wa kambi walikuwa wanashuka ziwani kila asubuhi na vyandarua vya mbu, mustikere kama tunavyosema, wakivuta kila kilichokuwa pembeni, hata vichanga vidogo kama punje ya mchele. Walivichemsha na chumvi, wakavila na bugali.

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Yeye ni mtu wa Butembo na anauza sambaza Kituku tangu tulipooana.

"Papa, usibebeshe batu ba Masisi muzigo yote," alimwambia. "Samaki ilianza kupunguka mbele kambi haiyakuja. Nyinyi wenyewe munavuta nyavu ya matundu madogo."

"Ni kweli, mama," alijibu.

"Lakini na ile ya mustikere, siwezi kuikubali," mke wangu aliongeza. "Ile inafagia."

Nilikubali kazi. Niliona wote wawili wanasema kweli, na mpaka leo naona hivyo.

Pale vyandarua vilipokuwa vinavutwa ni kihori, ghuba ndogo kati ya vidole viwili vya mawe, maji ya kiunoni, yenye joto kuliko kwingine. Siku ya kwanza nilitoa kichwa juu bila kujua kwamba niko karibu na wavu wa watu. Walikuwa wawili. Mwanamke kijana alikuwa amesimama majini, na mkwewe, mama mzee, ameketi juu ya jiwe na kamba ya ncha ya pili ameizungusha mkononi. Mzee aliniona na miwani na mrija wangu, akapiga kelele:

"Yesu wangu! Mufu iko na pua ya plastiki!"

Jiwe alilorusha lilinipata begani.

"Mama, mimi ni mutu!"

"Mutu anatafuta nini chini ya maji?"

"Napiga foto."

"Foto ya nani?"

"Ya samaki."

Walitazamana. Yule kijana alicheka wa kwanza. "Samaki naye anatafuta karte ya kupiga kura?"

"Mwambie asicheke," mzee alisema, jiwe la pili bado liko mkononi. "Akicheka banamukatalia karte."

Niliwaambia wazi kwamba komite ndiyo iliyonituma, na kwa sababu gani. Sikutaka walijue kutoka kwa mwingine. Mzee alivuta kamba yake, akasema, "Basi rudi ukawaambie sisi hatukule komite. Tunakula samaki." Kisha aliniuliza kama bega linauma.

Tangu siku ile waliniita papa foto, na nikitokea majini mzee ananionyesha jiwe ili tucheke. Nilikuja kujua kwamba wametoka Masisi. Mume wa yule kijana, mtoto wa mzee, alikwenda kuuza mbuzi na hakuonekana tena. Wana watoto wawili kambini.

"Bawili tu?" niliuliza, kwa mazoea ya kuongea tu.

"Bawili," mama kijana alisema, akaanza kukunja chandarua kabla ya wakati.

Niliangalia ndani ya sahani yao. Wale wadogo ambao chini ya maji walikuwa wanawaka kama sindano, hapa walikuwa uji wa kijivu wenye macho. Hawakutosha kumshibisha mtu. Lakini mzee aliifunika sahani kwa jani kwa uangalifu, kama mtu anafunika nyama ya sikukuu.

Tilapia jike, wengi hawajui, haachi mayai yake mchangani. Anayaokota kwa kinywa na kuyatunza humo, na siku zote hizo hali kitu. Utamtambua kwa koo lililovimba na tumbo lililokonda. Watoto wakianza kuogelea wanatoka na kuzunguka kichwa chake kama moshi. Kivuli kikipita, anafungua mdomo nao wanaingia.

Mmoja alikuwa anakaa karibu na jiwe lililopasuka, mwisho wa kihori. Nilimngojea asubuhi nyingi. Mara natikisa maji, mara betri inakufa, mara wimbi. Siku nilipompata, mdomo ulikuwa wazi, nusu ya watoto ndani, nusu nje, na jicho lake moja linaniangalia mimi. Nimepiga picha za mabibi harusi na za wafu kwenye matanga. Sikumbuki jicho lililonitazama namna ile.

Komite ilichapisha picha hiyo kubwa kwenye plastiki, ikaitundika kati ya makasia mawili pale Kituku, na watu wakaitwa. Wavuvi walikuja, wauza samaki walikuja, akina mama wa kambi walikaa chini mbele. Mkubwa wa komite alisema polepole, bila kutukana mtu.

"Bamama, ziwa ni ya Mungu, hatuwafukuze. Lakini muangalie huyu. Ukivuta mustikere, unakamata hawa. Hawa njo sambaza ya kesho, njo tilapia ya mwaka kesho. Nyinyi ni bakulima. Mutu akikula mbegu, atapanda nini?"

Neno la mbegu liliwaingia. Niliona vichwa vikiinama. Mama kijana wa Masisi alisimama.

"Papa, hiyo neno ninaijua. Kwetu mbegu tunatundika juu ya jiko, mu moshi. Mwaka ya njaa hata mutoto akilia hatuigusi. Lakini tunaweza vile kwa sababu tuko kwetu, tunajua shamba iko wapi. Hapa nikiweka mbegu, nitapanda wapi? Juu ya haya mawe?"

Mkubwa wa komite alijipangusa uso, akanong'onezana na wenzake muda mrefu. Kisha alitoa shauri: wanaoacha vyandarua, kila kikundi cha wavuvi kitawatolea bakuli moja la sambaza kila asubuhi. Mke wangu alijaza la kwanza yeye mwenyewe. Vyandarua vilikunjwa siku ileile.

Na walitimiza. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye watu walisema komite iliwadanganya wakimbizi. Walitimiza kwa majuma kadhaa. Hata mimi nilianza kuona mabadiliko kihorini, moshi wa watoto wa samaki hapa na pale. Nilikuwa na furaha kidogo, na kujivuna kidogo pia.

Halafu wanajeshi walikataza mitumbwi kutoka usiku, wakihofia watu wa upande wa pili kupita ziwani. Sambaza wanavuliwa usiku, kwa taa. Bila usiku hakuna sambaza, na bila sambaza hakuna bakuli. Hakuna aliyetangaza kwamba msaada umekwisha. Akina mama walikuja na mabakuli yao, wakakaa, wakangoja mpaka jua likawa kali, wakarudi. Kesho yake wachache walikuja. Na kihori kilibaki kimefungwa, na walinzi wawili wa komite.

Ndipo mama kijana wa Masisi alikuja studio. Alisimama mlangoni.

"Papa foto, ile samaki ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama."

"Nauliza kwa sababu najua nyinyi. Jirani yangu kule kambi, bwana yake alikufa zamani, mbele harusi ya mutoto haiyafika. Lakini kwa foto ya harusi iko anasimama, na kravati."

Kazi za namna hiyo, kumpachika marehemu kwenye picha, nimezifanya.

"Nataka kuona na macho yangu," alisema. "Kama ni uwongo, kesho narudisha mustikere yangu mu maji, bakitaka banifunge. Mudogo wangu nywele zinageuka rangi, papa. Zinakuwa kama za mahindi."

Tulikwenda na mkwe wake, na walinzi walituruhusu kwa sababu hatukuwa na wavu. Alijifunga kitenge kifuani. Nilimwonyesha namna ya kutema mate kwenye kioo.

"Tema pole pole," mzee alisema kutoka kwenye jiwe lake, "usitemee samaki ya komite." Na alipoona mkaza mwana wake anaingia kweli: "Weye! Ukizama, mutoto wangu akirudi nitamwambia nini? Muke yako alikufa mu foto?"

Mama kijana alinishika mkono juu ya kiwiko. Mara ya kwanza alimeza maji akakohoa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alitulia, nikasikia pumzi yake katika mrija inaanza kwenda polepole. Tilapia alikuwa pale karibu na jiwe lililopasuka, namwona kutoka juu bila miwani kwa kuwa maji yalitulia, sijui kama ni yuleyule, na watoto wamemzunguka. Nilipitisha mkono juu yao ili kivuli kianguke. Alifungua mdomo. Waliingia.

Mama hakutoa kichwa. Nilisikia kucha zake kwenye nyama ya mkono wangu. Alikaa hivyo mpaka watoto wakatoka tena, na mimi nikapitisha kivuli mara ya pili, na wakaingia tena. Aliponyanyuka, maji yalikuwa ndani ya miwani na sikujua ni ya wapi.

"Banaingia bote?" aliuliza.

"Bote."

"Na ule anabakia nyuma?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Mara nyingi anamungojea," nilisema.

"Mara nyingi," alirudia.

Alikaa juu ya jiwe, akakamua kitenge. Kisha alisema, si kwangu hasa, kwamba watoto wake walikuwa watatu. Risasi zilipoanza njiani, mmoja alikuwa mgongoni, mmoja kifuani, na mkubwa wao, msichana, alikuwa anashika kitenge chake nyuma.

"Nilikimbia. Nasikia kitenge inavutwa, nasema sawa, iko pale. Kisha sisikii tena. Nikasema, amechoka kuvuta, anakimbia yeye mwenyewe." Alinyoosha mikono yake, akaiangalia. "Mikono ni mbili tu, papa."

"Wacha, mwanangu," mzee alisema. "Kunywa jua kwanza."

Alipokausha uso aliniuliza: wakitoka mdomoni kabisa, wakikua kidogo, wanakwenda wapi? Nilimwonyesha majani ya pembeni.

"Pale tulikuwa tunavuta."

"Pale."

Alitikisa kichwa. Hakurudisha chandarua majini. Walinzi wangeweza kulala siku nzima, asingerudisha. Lakini hilo halikuleta chakula, na yule mdogo alikuwa bado anageuka nywele. Sijui kama nilifanya vizuri kumwonyesha. Alitaka ukweli, nami nilikuwa nao. Ukweli haukuwa na kitu cha kuweka kwenye sufuria.

Nilikwenda kwa mkubwa wa komite kumwombea mama kijana asubuhi mbili za kuvua kwa juma. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nikifungulia yeye, nitakatalia nani?" alisema. "Kambi yote iko na batoto. Hata miye nimerudi na ndoo bure." Kisha akasema nikiona mahali pasipo na vichanga, wavue pale kwa ndoano, atawapa ndoano na kamba yeye mwenyewe.

Nilitafuta. Asubuhi baada ya asubuhi niliogelea kando ya mawe na uso chini, bila kupiga picha. Ng'ambo ya kidole cha pili nilipata ukingo wa kina, tilapia wakubwa tu, hakuna kichanga hata kimoja. Nilitoka majini pale nikiwa na furaha, nikapanda juu kutazama mahali pa kukaa. Palikuwa na shimo pana kama chumba, limezungukwa na mawe, na njia pekee ya kufika ukingoni ilipita humo. Ndani yake ndege wawili walikuwa wamelala na mabawa yamefunguka. Hawakuwa na damu.

Watu wa Goma tunajua maana yake. Nilirudi nyumbani nikaleta kaa la moto limefungwa kwenye waya, nikaliteremsha shimoni. Lilizimika kabla ya kufika chini, kama limetiwa katika maji. Ni mazuku, hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kukaa mabondeni. Haina rangi, na pua yangu haikusikia kitu. Anayekaa humo analala tu, haamki. Mtu wa milima ya Masisi angekaa pale siku ya kwanza, apumzike kwenye kivuli.

Nilikwenda kuwaambia. Mzee alinitazama sana.

"Masisi banatupiga na risasi," alisema. "Goma yenu hata hewa iko na silaha."

Siku chache baadaye mama kijana alikuja studio na watoto wote wawili, wamenawishwa, na mkwewe nyuma. Alisema anarudi kwao. Viazi vyake viko bado ardhini, na labda mbegu iko juu ya jiko kama nyumba haijachomwa. Wanawake wengi walikuwa wanafanya hivyo, wanapenya katikati ya wenye bunduki, wanavuna, wanarudi na gunia mgongoni. Wengine walirudi. Watoto atawaacha na bibi yao.

Mke wangu alimsihi. "Ngojea hata mwezi, mama."

"Huyu hatangojea mwezi," alijibu, akagusa kichwa cha mdogo.

Kisha aliniambia alichokuja nacho. Alitaka picha ya yule mdogo, msichana, peke yake. "Ule wa kupotea, uso yao ni moja. Nikionyesha batu njiani hii foto, nawaambia, muongeze miaka mitatu. Njo yeye."

Nilimsimamisha mtoto mbele ya pazia langu la buluu lenye ndege ya abiria niliyoichora mwenyewe, bawa moja refu kuliko lingine. Kwa mazoea nilianza kumchekesha.

"Hapana, papa foto," mama alisema. "Ule mwingine hakukuwa anachekea batu hajui."

Basi nilimwacha na uso wake. Nilichapisha mbili, moja ya mama, moja ya bibi. Mke wangu alimfungia unga na chumvi. Aliondoka na wanawake wengine wa kambi, na hakugeuka, au kama aligeuka sikuona, nilikuwa nimeingia ndani.

Mzee alikuwa anakuja kwetu na watoto baadhi ya siku, anakula, ananionyesha jiwe la uwongo, anacheka bila sauti. Hakukuwa na habari kutoka Masisi. Halafu vita viliingia mjini penyewe. Tulilala chini ya vitanda, nami siwezi kueleza siku zile kwa mpangilio. Zilipotulia, watu wa kambi waliambiwa warudi makwao, na wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Nilikwenda kuwatafuta. Turubai zilikuwa zimeondolewa. Palibaki mawe meusi, na katikati ya mawe vile viwanja vidogo vilivyosafishwa, kila kimoja ukubwa wa familia iliyolala pale. Nilijaribu kukumbuka chao ni kipi. Sikuweza.

Kihori kimepona. Haki ni kusema hivyo. Niliingia na miwani, na watoto wa tilapia walikuwa moshi kila upande, nikaona majike wanne kwa mtazamo mmoja. Mitumbwi ilianza tena kutoka, na sambaza wa mke wangu ni wazito kuliko zamani. Mkubwa wa komite anasema tulifanya vizuri, na kuhusu samaki sina la kumpinga.

Juma lililopita mama mmoja anayeleta maharagi kutoka upande wa Masisi alimwambia mke wangu kwamba ameona kitu changu. Kwenye soko moja la kule, mlangoni pa duka la chumvi, kuna picha ya mtoto wa kike asiyecheka, mbele ya pazia la buluu na ndege yenye bawa refu. Aliijua ndege, kwa sababu binti yake alipigwa picha ya ubatizo mbele yake. Mwenye duka alimwambia mwenye picha ni mama mmoja anayelima karibu. Huwa anapita kila siku ya soko kuuliza.

Yuko hai, basi. Mke wangu alilia kwa furaha, halafu tukatazamana, na sijui nani alielewa kwanza. Yeye kule anatafuta mmoja, akiamini wawili wako Goma na bibi yao.

Mama wa maharagi alikuwa anarudi kesho yake na alitaka kujua ampelekee neno gani. Usiku sikulala. Nilifikiri kumwambia wako salama. Nilifikiri kutomwambia kitu. Asubuhi nilimwambia mama wa maharagi amweleze hivi: kambi haiko tena, walikuwa hai mara ya mwisho tulipowaona, nywele za mdogo zilikuwa zimeanza kurudi rangi yake, hatujui walipo, tunatafuta. Alilirudia neno zima mbele yangu ili asilipunguze.

Picha ilikuwa bado ndani ya kompyuta. Niliichapisha tena, nikaifunika na plastiki kwa ajili ya mvua, nikaipigilia kwenye nguzo pale Kituku, ambapo wauza samaki wote wanapita. Mvuvi mmoja alisimama na kasia begani.

"Huyu njo alipotea?"

"Huyu," nilisema. "Na dada yake, uso yao ni moja. Na kaka yake. Na bibi yao."

"Foto ni moja tu?"

"Ni moja."

Aliiangalia tena kwa karibu, akasema ataulizia bandarini Minova.